Usiitike mara ya kwanza

Wiki iliyopita umeme ulikatika saa moja jioni mpaka tukasahau kama tunao, nikawa nimekaa kibarazani na mtoto wa dada yangu, ana miaka 9, amekuja kwangu likizo. Simu imebaki asilimia 11 na hizo 11 nazimalizia kwenye hadithi ya kutisha niliyotumiwa kwenye grupu la WhatsApp, zile za "sehemu ya 41, kwa muendelezo tuma elfu moja". Sasa hiyo sehemu ya 41 ina joka la vichwa saba, ina mizimu sita, ina mchawi anakula moyo wa mtu ungali unadunda, ina makaburi yanapasuka, yani kila aya lazima mtu afe. Mi napiga miayo tu. Yule mtoto katulia zake anatafuna muhogo wa kukaanga, mara akaniuliza, "Mjomba, ukiitwa usiku unatakiwa uitike mara ya ngapi?"

Nikamjibu ya tatu. Hata sikufikiria. Mi mtu mzima, nina deni benki, nimesoma mpaka nikachoka, lakini jibu limetoka kama nimeulizwa jina langu. Kwetu Tanga bibi alitufundisha hivyo, sauti ukiijua usiku usiitike ya kwanza wala ya pili, subiri ya tatu, maana hao wengine hawawezi kuita mara tatu.

Akatafuna kidogo akasema, "Na kama ameita mara mbili tu akaacha?"

Nikazima simu. Sikuwa na jibu na mpaka leo sina. Joka la vichwa saba halijanifanya kitu ila hilo swali nililala nalo, na ndo limenifanya niandike hii, maana nimekuwa nasoma na kusikiliza hivi vitu tangu utotoni na sijawahi kukaa nikajiuliza kwa nini vingine vinashika na vingine havishiki.

Nadhani ni sharti. Jini lenyewe hata likiwa la kawaida tu halina shida, mradi lina sharti. Angalia hadithi zote zilizowahi kukuondoa usingizi, utakuta ndani kuna "usi" moja. Usigeuke nyuma mpaka uvuke mto. Usimwambie mtu. Usifungue kabla hujafika kwako. Mganga akikupa dawa ya kichwa akasema kunywa asubuhi na jioni, unakunywa umemaliza, lakini akikwambia kunywa ila ukikutana na mtu njiani usimsalimie, sasa hapo umeingia kwenye hadithi, kwa sababu wote tunajua mtu wa kwanza kukutana nae njiani atakuwa mama mkwe. Sharti linafanya msomaji aanze kuogopa kabla chochote hakijatokea, na linamfanya ajiulize yeye angeweza? Joka huwezi kujiuliza hivyo. Joka likija unakufa, basi, hamna cha kufikiria.

Mtu aliyelijua hili vizuri sana ni Shaaban Robert, na najua shuleni walitusomesha kwa namna ya kutafuta dhamira na maudhui mpaka tukamchukia, lakini mrudie Adili na Nduguze (1952) kama msomaji tu, bila mtihani. Kuna liwali anasifiwa nchi nzima kwa wema na haki, mtu mpole. Anakuja mgeni analala kwake, usiku mgeni anamwona huyu mtu mpole anachukua mjeledi anakwenda kuwachapa nyani wawili. Anawachapa kisawasawa. Na kila usiku ni hivyo. Kumbe wale nyani ni ndugu zake wa damu, wamegeuzwa na jini kwa ubaya waliomfanyia, na sharti ni kwamba yeye mwenyewe awachape kila siku, na yeye hataki. Sasa acha maadili pembeni ufikirie hiyo picha tu, unarudi nyumbani jioni, umechoka, na kabla hujalala lazima umpige kaka yako ambae anakuangalia kwa macho ya nyani. Kisa chenyewe kina asili kwenye Alfu Lela Ulela, Shaaban hakukitoa hewani, lakini kukileta kwa Kiswahili kile kilichotulia, bila kupiga kelele hata mara moja, ndo ufundi wenyewe. Waandishi wa sehemu ya 41 mngekuwa mnampa nusu saa tu kwa wiki.

Kutulia pia ni nusu ya kazi, tena naona watu wengi wanakosea hapa. Mwandishi wa mambo ya ajabu anaruhusiwa uongo mmoja. Mmoja! Ukishautumia, vingine vyote viwe kweli mpaka msomaji akose pa kushika. Ukiniambia kuna mwanamke anapaa usiku kwenye ungo, sawa nimekubali, lakini asubuhi aamke anaumwa mgongo, akadaiwe hela ya kikoba, agombane na konda kwa shilingi mia. Nikiona anadaiwa kikoba namwamini, na nikimwamini ule ungo nao unakuwa wa kweli. Lakini mkituletea mwanamke anapaa, anageuka chui, anapotea, anasoma mawazo, na mume wake nae ni roho ya baharini, mi nabaki nasubiri matangazo.

Chukua msukule. Kwa ambae hajakulia huku, msukule ni mtu mnaedhani mmemzika, mmelia, mmekula ubwabwa wa msibani mkatawanyika, kumbe mliezika siye, mwenyewe yupo, kafichwa na mchawi, ulimi umekatwa hasemi, mchana anafichwa usiku analimishwa shamba, na chakula chake ni pumba. Pumba, jamani. Huyo aliyeongeza pumba hatumjui jina lakini ndo mwandishi bora tuliewahi kuwa nae. Angesema anakula damu au nyama za watu tungesahau kesho yake. Pumba ni chakula cha kuku, kipo uani kwako, unakijua harufu yake, na ukikitaja unaelewa moja kwa moja hii hadithi inaongelea nini bila mtu kukufafanulia, inaongelea kufanyishwa kazi na mtu mpaka unabaki mwili tu, huna hata sauti ya kulalamika. Kuna watu wengi wanatoka kazini saa nne usiku wanaijua hiyo hali na hawajawahi kurogwa.

Na hapo ndo huwa nabishana na watu wanaosema hadithi za hivi ni za kukimbia ukweli. Kukimbia wapi? Mumiani je? Wazee waliokulia enzi za mkoloni wote wanalijua hili neno, kwamba kuna watu wanakamata watu usiku wanawanyonya damu inakwenda kutengenezwa dawa, na kwenye miji kama Nairobi na Kampala watu wakaamini wanaofanya hiyo kazi ni wazimamoto. Ndio, faya! Mwanahistoria Mmarekani Luise White alizunguka kukusanya hizi habari akatoa kitabu kizima mwaka 2000, na alichofanya ni kukataa kuzicheka. Akaziuliza, kwa nini faya, kwa nini damu, kwa nini gari. Hebu jiweke pale, wewe umetoka kijijini umekuja mjini, unaona kuna kikosi cha serikali kina gari jekundu, kina mipira mirefu, kina watu wamevaa sare wanakaa tu wanasubiri, moto wenyewe hujauona, na hamna mtu anaekuelezea kitu kwa lugha yako. Wanasubiri nini? Wanavuta nini na hiyo mipira? Wakati huohuo kuna kodi, kuna kazi za kulazimishwa, kuna madaktari wanakutoboa sindano wanachukua damu wanaondoka nayo. Watu hawakuwa na gazeti la kuandikia kwamba huu utawala unatunyonya, wakatengeneza hadithi ambayo utawala unanyonya kweli, kwa mpira. Mi naona huo ni ubunifu mkubwa kuliko vitabu vingi vilivyopewa tuzo.

Shaaban Robert huyohuyo alifanya kitu cha aina hiyo kwa kalamu. Yeye alikuwa karani wa serikali ya mkoloni, mshahara wake unatoka kulekule, na mwaka 1951 Kusadikika inatoka, nchi iliyo angani, ambako mtu anaitwa Karama anashtakiwa kwa kosa la kutaka watu wafundishwe sheria. Angani! Usingeweza kumshika kwamba ameisema Tanganyika, Tanganyika iko chini.

Alafu kuna hadithi zinazojisambaza zenyewe, na mfano mkubwa ni ule wa Pemba. Mwaka 1995, mwezi wa Ramadhani, jini linaloitwa Popobawa lilianza Pemba likavuka Unguja habari zikafika mpaka Dar, watu wakawa wanalala nje kwa makundi wanawasha moto, wanaume wazima wanaogopa kulala ndani peke yao kwa sababu kilichokuwa kinasemwa ni kwamba anawaingilia watu usiku wanaume kwa wanawake. Sitaki kuifanya burudani, kule Unguja kuna mtu mwenye matatizo ya akili aliuawa na kundi la watu wakidhani ndo yeye, hiyo sio hadithi. Na ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa kwanza tangu vyama vingi virudi, kila mtu roho juu tayari, kwahiyo waliosema ni siasa wapo mpaka leo, wa kila upande. Lakini kama mtu anaependa ufundi wa hadithi kuna kitu kimoja huwa kinanisimamisha. Sharti lake. Ilisemwa kwamba akikupata lazima uwaambie watu, usipowaambia anarudi. Umeona hiyo? Majini mengine yote sharti ni usiseme, huyu sharti ni sema! Na jambo lenyewe ni lile ambalo mwanaume wa pwani angelificha mpaka kaburini. Kwahiyo hofu inakubana pande zote, ukinyamaza unaye usiku, ukisema unaaibika mchana, na wewe ukisema mwenzako nae kalisikia, usiku wake umeshaharibika. Matangazo yamo ndani ya hadithi. Watu wa masoko wanalipwa mamilioni kubuni kitu kama hicho.

Hofu ya namna hii haitokei kwa mtu kukaa akasema ngoja nitishe watu. Inatoka kwenye kitu kinachomuuma. Mnajua habari ya Mary Shelley, yule Mwingereza aliyeandika Frankenstein? Kiangazi cha 1816 kando ya ziwa Geneva, mvua haikatiki, baridi, kwa sababu mwaka mmoja nyuma volkano ya Tambora kule Indonesia ililipuka ikavuruga hali ya hewa mpaka Ulaya, wamekwama ndani yeye na wenzake, na mshairi Lord Byron anasema kila mtu aandike hadithi ya mzuka. Binti ana miaka 18. Watu wengi wanaishia hapo, ngurumo na mishumaa. Wanaacha kwamba mwaka uliotangulia alizaa mtoto njiti akafa baada ya siku chache, na muda mfupi baadae akaandika kwenye daftari lake ameota mtoto amefufuka, kumbe alikuwa na baridi tu, wamemsugua karibu na moto akaishi. Basi. Ukishaijua hiyo ndoto huwezi tena kuisoma Frankenstein kama habari ya lidude lililoshonwa. Na hata humo ndani sharti lipo, kiumbe anamwambia aliyemuumba nitengenezee mwenzangu nitaondoka, jamaa anakubali, anaanza, anaharibu kazi mbele ya macho yake, na kiumbe anamwambia nitakuwa nawe usiku wa harusi yako. Jamaa anajiandaa kufa yeye. Hawazi kabisa kuhusu bi harusi. Nilisoma hiyo nikiwa chuo nikatamani kumpigia kelele kitabuni.

Sasa nije kwenye kwato maana najua mnazisubiri. Hii kila mtu wa pwani ana ya kwake, Tanga, Mombasa, Dar, na kila mtu ilimtokea rafiki wa binamu yake. Kijana anatoka ngomani usiku, anakutana na dada mzuri kajitanda baibui, ananukia udi, wanaongozana, upepo unapeperusha baibui, anaona kwato. Anakimbia. Anakimbia mpaka anamkuta mlinzi getini kakaa na tochi na kahawa yake, anamuangukia, mzee wangu nisaidie, nimeona mwanamke ana miguu ya ng'ombe. Mlinzi anamtuliza, kaa mwanangu, kunywa kahawa. Alafu anapandisha suruali taratibu. "Kama hizi?"

Nilikua najua ni yetu sisi mpaka nilipokuja kusoma kwamba Lafcadio Hearn, aliyehamia Japani na kukusanya visa vya kule, kwenye kitabu chake cha 1904 anayo. Mtu anapita usiku Tokyo, sehemu za Akasaka, anaona mwanamke analia, mwanamke anageuka hana uso, macho hamna pua hamna, jamaa anakimbia gizani mpaka kwenye taa ya muuza tambi, anaeleza nimeona... na muuza tambi anauliza alikuonesha kitu kama hiki, anajipangusa uso, unakuwa laini kama yai. Na taa inazimika. Sijui ilisafiri na majahazi au kila upande walifikia wenyewe, sitaki hata kujua. Kinachonifurahisha ni kwamba pande zote mbili wamegundua kwamba mwanamke wa mwanzo ni chambo tu. Hadithi ipo kwa mlinzi. Ipo kwenye kahawa. Wamekupa sehemu ya kupumua alafu wakaigeuza hiyohiyo.

Kuna kingine, kuacha tundu. Mapango ya Amboni pale nje ya Tanga nimeenda labda mara sita, na mtembeza wageni atakuonesha sehemu iliyofanana na tembo, atakuonesha pa kutolea sadaka, vyote nimevisahau, lakini kila nikienda nasubiri ile ya mbwa. Kwamba hapo zamani wazungu wawili waliingia ndani na mbwa wao hawakurudi, mbwa akaja kuonekana upande wa Kilimanjaro. Mi siiamini na haina haja. Mbwa katoka, wao je? Mtembezaji akishasema hivyo anaendelea mbele na tochi yake kama hajasema kitu, na mnabaki mnafuata tochi kimya, kila mtu anaangalia anapokanyaga. Angeongeza neno moja, nyoka au sijui jini, angeharibu.

Haya, juzi. Usiku wa manane, giza, umeme haujarudi, nikasikia kolidoni, "Mjomba." Sauti ya yule mtoto. Nikafungua macho. Kimya. "Mjomba." Nimelala chali nahesabu, mbili, nasubiri ya tatu nijinyanyue, na ya tatu haiji. Haiji kabisa. Nikasema moyoni huyu atakuwa amerudi kulala. Alafu nikakumbuka swali lake la kibarazani na mwili wote ukaota vipele, nikajivuta shuka mpaka kidevuni, mwanaume wa miaka 38 anaelipa kodi. Nilikaa hivyo labda dakika kumi. Kilichonitoa ni maji. Yalipita chini ya mlango yakafika kwenye simu niliyoiweka sakafuni, kumbe jioni maji yalikuwa yamekatika nikafungua bomba jikoni nikalisahau wazi, usiku yamerudi, sinki limejaa, jiko limejaa, na mtoto alikuja kuniambia. Nikamkuta kakaa juu ya meza kakunja miguu.

"Mbona hukuita tena?"

"Nilikuwa nataka nione."

Sikumchapa. Tukadeki mpaka alfajiri, yeye anakamua tambara mi nabeba ndoo, na ili asisinzie nikampa ile ya kwato, yote mpaka mlinzi anapandisha suruali. Akacheka sana. Akasema mjomba hiyo kosa lake huyo kaka alikimbilia kwa mlinzi, angekimbilia nyumbani. Nikamwambia haya tumpeleke nyumbani. Akakamua tambara, akafikiria, akasema basi anafika nyumbani anagonga, mama yake anafungua, anamwambia mama nimeona mwanamke ana kwato, na mama anamvuta ndani anamkalisha, anamfuta jasho, anamuuliza, "Za rangi gani?"

Nikaacha kudeki.

"Sasa akajibu nini?"

"Hakujibu," akasema, "alikuwa anamuangalia mama anavyofunga mlango."